Simu ikikataa kisoma kadi, kitafutie umeme wa pembeni

Kazi yangu ni kupiga picha harusi za wanawake hapa Amu, yaani Lamu. Usiku wa kupamba wanaume hawaingii, simu za wageni huachwa mlangoni, na picha ya biharusi akiwa kichwa wazi, hina na piko hadi viwikoni, ni amana. Mamake biharusi anaponikabidhi kazi hunishika mkono na kusema, "Mwanangu, picha hizi zisionwe na mato ya watu." Kwa hiyo kadi zangu haziendi saiba, wala haziendi dukani kwa kijana mwenye laptopu. Nazinakili mwenyewe, palepale nyumba ya harusi, kutoka kadi ya kamera hadi tableti, kwa kisoma kadi na waya mfupi.

Wengi tunaofanya hivi tumekwama mahali pamoja. Unachomeka kisoma kadi, taa yake inawaka, inapepesa, inazima. Au skrini inaleta ujumbe kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno. Au, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, picha zinaanza kuingia vizuri, zikifika katikati simu inadai kadi imetolewa, ilhali hakuna mtu aliyeigusa. Watu husema kadi imekufa. Wengine hubonyeza "fomati" kwa sababu simu imewashauri wabonyeze, na kumbukumbu za usiku mzima za familia ya mtu zinakwenda. Naandika haya ili hilo lisimfike mwenzangu yeyote. Mara nyingi kadi ni nzima, kisoma kadi ni kizima na simu ni nzima. Kilichopungua ni umeme.

Simu husikiliza ombi

Tundu la USB la kawaida hutoa volti 5. Masharti yapo kwenye mkondo, yaani zile miliampea zinazoandikwa mA kwenye chaja. Kwa kanuni za USB 2.0 za mwaka 2000, kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa miliampea 100 tu mpaka kijitambulishe. Kinapojitambulisha hutaja kiwango cha juu kabisa ambacho huenda kikakihitaji, na kikikubaliwa kinaweza kufika miliampea 500. USB 3.0 iliyokuja mwaka 2008 ikapandisha viwango hivyo: 150 kabla ya kukubaliwa, 900 baada yake.

Hapa ndipo penye siri yote. Kiwango kinachotajwa kimeandikwa kiwandani ndani ya chipu ya kisoma kadi, na simu haikipimi. Kisoma kadi changu kikubwa chenye matundu manne kinaomba 500. Nikikipitisha kwenye kipima USB, kile kidude chenye kiskrini kinachoonyesha volti na ampea, huku nasoma picha, namba hucheza kati ya 90 na 150. Laptopu hukikubali bila neno kwa kuwa inazo hizo 500. Tableti yangu ya zamani hukitazama na kukikataa. Ni kama nahodha anayekataa gunia kwa uzito ulioandikwa ubavuni mwake, bila kulinyanyua. Basi usishangae kisoma kadi kidogo cha bei ya chini kikikubaliwa, na kile kizuri ulichonunua Mombasa kwa pesa nyingi kikakataliwa. Ubora hauhusiki hapo, ni ombi tu.

Simu ina sababu yake ya kubana. Betri yake ni ya volti 3.7 hivi, kwa hiyo ili itoe 5 lazima kwanza ipandishe, na katika kupandisha inapoteza kiasi. Kanuni za OTG, zilizoruhusu vifaa vya mkononi kusimama mahali pa kompyuta, zilitoka mwaka 2001, na zilikubali kifaa kitoe hata miliampea 8 tu. Nane! Kisoma kadi hakiwezi kuishi kwa hizo. Watengenezaji wengi walitoa zaidi, lakini hawakulazimika. Waliotumia iPad ya kwanza mwaka 2010 na adapta yake ya kamera walionja jambo hili: mwanzoni tableti iliruhusu hadi miliampea 100, lakini toleo la iOS 4.2 lilipokuja mwaka huohuo likashusha hadi 20, na visoma kadi vilivyokuwa vikifanya kazi juzi vikagoma, vyote vizima.

Simu mpya zenye tundu la USB-C ni karimu zaidi. iPhone 15 ya mwaka 2023, kwa mfano, inaweza kukipa kifaa kingine wati 4.5, ambazo kwa volti 5 ni miliampea 900. Lakini vifaa vinavyozunguka mikononi mwetu vingi ni vya miaka mingi nyuma, na vingine ni mtumba. Mwongozo huu ni wa hivyo.

Kabla ya kununua

Kama una mtu wa kuaminika mwenye kompyuta, chomeka kisoma kadi kikiwa kitupu, bila kadi, usome kinaomba nini. Kwenye Mac fungua taarifa za mfumo, ingia sehemu ya USB, bonyeza jina la kifaa, utaona mkondo unaohitajika. Kwenye Linux andika lsusb -v kisha utafute mstari wa MaxPower. Kwenye Android zipo programu za kuonyesha taarifa za vifaa vya USB, ila simu ikikikataa kabisa kifaa huenda usione kitu. Namba ikiwa 100 au chini yake, kisoma kadi hicho kitaelewana na vifaa vingi. Ikiwa 500, jua utahitaji msaada wa pembeni.

Ukikosa kompyuta, nunua kisoma kadi chenye tundu moja tu, la SD (ile kadi ya kawaida ya kamera) peke yake. Vile vya matundu mengi, vyenye taa za buluu na tundu la CF (CompactFlash, aina nyingine ya kadi za kamera), huomba kwa niaba ya matundu yote hata ukitumia moja.

Kadi nazo zina hamu tofauti. SD katika mwendo wa kawaida imewekewa ukomo wa miliampea 100, katika mwendo wa kasi 200, na zile za UHS, yaani za kasi kubwa zaidi, zinaweza kupanda hadi 400 na kupita. CF inaweza kufika 500. Na kuandika kwenye kadi hula zaidi kuliko kusoma. Ndiyo maana unaweza kusoma picha bila tatizo, ukijaribu kurudisha faili kwenye kadi hiyohiyo kila kitu kikazima.

Hakikisha kwanza kama ni umeme

Usinunue chochote kabla ya kufanya majaribio haya. Hayachukui muda.

Chukua mausi ya waya uichomeke kwenye simu kwa adapta ileile ya OTG unayochomekea kisoma kadi. Mausi huomba kidogo. Mshale ukitokea kwenye skrini, adapta yako ni nzima na simu inakubali OTG. Usipotokea, tafuta kwenye mipangilio: simu za OPPO, realme na OnePlus zina swichi ya OTG ambayo hujizima baada ya dakika 10 kama haitumiki, na watu wengi wametupa adapta nzima kwa ajili ya swichi hiyo.

Mausi ikikubali, chomeka kisoma kadi bila kadi. Kikikataliwa hapo, ombi lake ni kubwa kuliko simu inavyoruhusu. Kikikubaliwa kikitulia, halafu ukitia kadi kikazima, basi ni kadi inayovuta kuliko tundu linavyomudu. Kikikubaliwa na kadi ndani, picha zikaanza kuingia kisha zikakatika, tazama betri ya simu: simu nyingine hufunga umeme wa tundu chaji ikishuka sana, na nyingine hubana zikipata joto. Mimi huanza kazi tableti ikiwa juu ya nusu, mwanga wa skrini nimeushusha, hotspoti nimeizima, na iko kivulini.

Ikiwa simu inasema kadi haisomeki au inahitaji kufomatiwa, huenda umeme hauhusiki kabisa. Kadi zinazozidi GB 32 huja na mfumo wa faili uitwao exFAT, na simu nyingi za zamani haziuelewi. Kadi haina kosa. Jibu la ombi la kufomati ni hapana, kila mara, mpaka picha ziwe zimehifadhiwa mahali pawili.

Umeme wa pembeni

Dawa ni kuondoa mzigo kwenye betri ya simu, na njia ninayoiamini ni habu ya USB (kifaa kinachogeuza tundu moja kuwa mengi) yenye tundu lake la kuingizia umeme. Kuna tofauti kubwa kati ya habu hiyo na ile isiyo na tundu la umeme. Habu inayotegemea simu huchukua miliampea 100 kwa ajili yake, kisha hugawa 100 kwa kila tundu, hata simu ingekuwa imetoa 500 kamili. Kisoma kadi cha 500 hakipati nafasi. Umeongeza mdomo mwingine mezani na chakula hakijaongezeka. Habu yenye umeme wake huiambia simu kwamba inajitegemea, haiombi kitu cha maana, kisha kisoma kadi kinahudumiwa na habu. Tableti iliyokuwa ikikataa inakubali papo hapo, na kisoma kadi ni kilekile.

Fuata mpangilio huu. Kwanza unganisha habu na pawabenki. Halafu chomeka kisoma kadi kwenye habu, uone taa yake imetulia. Tia kadi. Mwisho kabisa ndipo uchomeke adapta kwenye simu. Kwa njia hiyo simu inakuta kila kitu kimeshaamka, na ule mvuto wa ghafla wa kuwasha hauigusi simu.

Nimesema pawabenki, sikusema chaja ya ukutani, na nina sababu. Tulikuwa kwenye harusi Siyu, nyumba ina umeme, na msichana ninayemfundisha kazi akaniuliza, "Dada, mbona tunajisumbua na pawabenki na soketi hii hapa?" Nikamwambia angoje. Picha zilikuwa zinaingia, mstari wa buluu ukisogea polepole kwenye tableti. Umeme ukakatika. Feni ikapungua sauti hadi ikasimama, wanawake wakapiga kelele ukumbini wakiitana na kutafuta taa, nasi gizani tukaiona taa ndogo ya kijani ya kisoma kadi ikiendelea kupepesa vilevile. Kama habu ingekuwa kwenye soketi, kadi ingetolewa kwa nguvu katikati ya faili. Hali hiyohiyo hutokea kwenye habu za USB-C zinazoingiza chaja: ukichomeka au kuchomoa chaja wakati wa kazi, habu na simu huanza kupatana upya juu ya nani ampe nani umeme, na kisoma kadi hukatika kwa kitambo. Kitambo hicho kinatosha kuharibu faili.

Lakini pawabenki nayo ina tabia moja ya kuudhi. Nyingi zimeundwa kuchaji simu, kwa hiyo zikiona mkondo mdogo unaotoka hudhani simu imejaa, nazo hujizima. Kisoma kadi kinachovuta chini ya miliampea 100 kinaweza kuilaza pawabenki baada ya muda mfupi, na wewe ukabaki unalaumu kadi. Dalili yake ni kwamba kukatika huja kwa muda uleule kila mara. Baadhi ya pawabenki zina hali ya mkondo mdogo, ambayo mara nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Soma karatasi iliyokuja nayo. Yako isipokuwa nayo, chomeka kwenye habu taa ndogo ya USB. Taa hiyo huvuta umeme wa kutosha kuiweka pawabenki macho, na usiku unapata mwanga wa kuonea kadi zako.

Kuna nyaya za OTG zenye mikia miwili, mmoja wa simu na mmoja wa umeme. Zinafanya kazi, na ni nyepesi kubeba. Tatizo ni kwamba za bei ya chini huunganisha umeme wa pawabenki na umeme wa simu moja kwa moja, bila kitu kinachovitenganisha, na simu ikiwa nayo inatoa volti 5 pande mbili zinasukumana. Sizitumii kwenye kifaa chenye picha za watu.

Ipo hila nyingine ya bure. Kama kisoma kadi chako ni cha USB 3.0, kichomeke kupitia adapta au kebo ya USB 2.0. Kitashuka mwendo, na kwa kushuka kitavuta kidogo na kuomba kisichozidi 500 badala ya 900. Utasubiri zaidi picha ziingie. Ukiwa huna habu, kusubiri ni afadhali.

Kwa wenye iPad za tundu la Lightning, ile adapta ya kamera ya USB 3 ina tundu la pili la kuingizia chaja. Wengi huliacha tupu. Tia waya wa pawabenki hapo kabla ya kuchomeka kisoma kadi, na ule ujumbe wa umeme mwingi mara nyingi hauonekani tena.

Waya na chumvi

Umeme hupungua njiani. Waya mwembamba wa kawaida wa urefu wa mita moja, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani (yaani uzito wa kupitisha umeme) wa karibu omu 0.4, ukipitisha miliampea 500 unapoteza volti 0.2. Wa mita mbili unapoteza 0.4, na volti 5 zako, ambazo pengine hazikuwa 5 kamili tangu mwanzo, zinakaribia mahali ambapo kisoma kadi hupoteza fahamu. Tumia waya mfupi, wa kiganja kimoja, na usiunganishe adapta juu ya adapta.

Halafu kuna hewa yetu. Sisi wa Amu, na wenzetu wa Malindi walio karibu na ufuo, tunaishi na chumvi. Chungulia ndani ya kichwa cha waya uliokaa kwenye mkoba msimu mzima wa kusi: utaona ukungu wa kijani kwenye vipini, vile vyuma vidogo vinavyopitisha umeme. Ukungu huo ni ukinzani. Kipima USB kinaonyesha wazi, volti zinashuka kwa kutikisa waya tu. Kusafisha, tumia aisopropili alkoholi ya dukani kwa dawa na brashi laini ya meno, kifaa kikiwa kimezimwa, kisha acha kikauke vizuri kabla ya kuchomeka. Waya ukishaliwa hadi vipini vina mashimo, utupe. Na ukivuka Mokowe au ukienda Pate kwa boti, adapta, habu na kisoma kadi vikae ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, kwa sababu rasharasha ya maji ya bahari ikiingia tundu la simu, simu nyingi za sasa hugundua unyevu na kulifunga tundu mpaka likauke. Hapo hata habu bora haitakusaidia.

Wakati wa kunakili

Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga kabla ya kuitia kwenye kisoma kadi. Kadi ikishafungwa, na kisoma kadi kikikiheshimu kiswichi hicho (vingine hukipuuza), simu haiwezi kuandika juu yake, haiwezi kufomati, na hata umeme ukiyumba hakuna kinachoandikwa nusunusu. Kadi ndogo za microSD hazina kiswichi hicho, ila ukizitia kwenye adapta ya SD, adapta inacho.

Chagua kunakili, usichague kuhamisha. Kuhamisha hufuta kwenye kadi kadiri kunavyoendelea, na kukikatika hutajua picha ipi iko wapi. Nakili folda ya DCIM, ile ambamo kamera huweka picha, kwa mafungu, picha mia mbili tatu kwa mara moja, maana fungu likikatika unarudia hilo tu. Usiguse waya na usipokee simu. Ukimaliza, toa kadi kwa njia ya mipangilio kwanza, usubiri simu ikubali, ndipo uchomoe adapta kwenye simu, halafu kisoma kadi, na pawabenki mwisho.

Kisha linganisha idadi ya faili kwenye kadi na kwenye tableti. Fungua picha chache za mwanzo, za kati na za mwisho, uzikuze uone kama zimekamilika hadi pembeni, kwa kuwa faili iliyokatwa na umeme huonekana nzima kwenye orodha na ndani ina ukanda wa kijivu. Nakala ya pili naipeleka kwenye flashi kupitia habu ileile, pawabenki ikiwa bado imeunganishwa. Kadi ya kamera haifutwi mpaka mamake biharusi amekabidhiwa flashi yake mkononi na amezitazama picha mwenyewe.